Kutoka Gati la Lamu hadi Nairobi: Safari ya Kutafuta Shauri la Nyonga



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo: wasomaji wetu wapendwa, mama zetu, dada zetu na watoto wetu, juma hili hatukuja na fatwa wala tafsiri. Tumekuja na habari ya safari. Binti yetu ametupa idhini ya kuieleza kwa masharti mawili: tusimtaje jina, na tusijifanye kuwa tulikuwa na hekima tangu mwanzo. Yote mawili tumeyakubali.

Gatini

Anayesafiri kutoka Lamu husafiri kwa ruhusa ya maji. Maji yakijaa, boti hulala karibu sawa na ukingo wa gati, na abiria huingia kama aingiaye chumbani mwake. Maji yakitoka, ngazi za mawe hujitokeza moja baada ya moja, zile za chini zikiwa na ukoga wa kijani, na boti huwa chini kabisa, ikimtaka mtu ainue mguu mmoja hewani na kuuamini ule mwingine. Tumeishi Lamu zaidi ya miaka hamsini bila kuzihesabu ngazi hizo. Tulizihesabu asubuhi ile, kwa kuwa binti yetu alikuwa hawezi tena kuuamini mguu wake wa kushoto.

Alikuwa na umri wa miaka 28. Ana mume, nahodha wa boti ya mizigo, na mtoto wa kike aliyekuwa na miaka 4. Anasomesha watoto wadogo katika madrasa ya mtaani kwetu Langoni, na kazi hiyo ni ya kukaa kitako mkekani, kuinuka, kuinama juu ya kila juzuu, kisha kuketi tena. Tulikuwa tumeiahirisha safari siku mbili tukingojea saa ya maji mazuri. Hata hivyo boti ilichelewa, maji yakaanza kutoka, na ngazi tatu zikawa wazi. Mumewe akamwinua mikononi na kumshusha mbele ya watu, naye akajifunika uso kwa mtandio. Baadaye alitwambia kuwa hakulizwa na maumivu. Alilizwa na mwanawe, aliyesimama juu ya gati akicheka, akidhani kuwa baba na mama wanacheza.

Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni huja kutoka mbali kuyatazama majumba yake. Ni mji mzuri, lakini hauihurumii nyonga. Vizingiti vya milango ni virefu. Ngazi za majumba ya mawe zimesimama wima. Vyoo vingi ni vya kuchuchumaa. Katika Usita wa Mui punda hupita na mizigo ya mchanga na mawe, na mpita njia hana budi kujibanza ukutani awapishe. Aliye mzima haoni lolote katika hayo. Binti yetu alikuwa ameichora ramani ya mji upya kwa mguu wake: njia hii ina daraja, ile ina baraza la kupumzikia, na nyumba ya shangazi, yenye ngazi kumi na saba, haendeki tena.

Asili ya maradhi

Kabla hatujavuka, yafaa msomaji ajue tulikotoka. Binti yetu alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu huuita siko seli. Ni maradhi ya kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara na laini, hupinda kama mundu na kukwama katika mishipa myembamba. Maradhi haya yameenea katika kanda zenye malaria, ikiwemo pwani yetu, kwa kuwa aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Sisi wazazi wake ni wabebaji wote wawili, na siku ya nikaha yetu hakuna aliyejua wala aliyeuliza.

Kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachozunguka ndani ya kikombe cha nyonga, hulishwa na mishipa michache ya damu. Mishipa hiyo ikizibwa, mfupa hukosa chakula na kufa polepole ukiwa ndani ya mwili ulio hai. Hayo ndiyo yaliyomfika binti yetu. Maumivu yalianza kinenani, yakashuka hadi gotini, nasi tukapoteza miezi mingi tukilikanda goti kwa mafuta ilhali ugonjwa haukuwa gotini.

Miaka miwili kabla ya safari hii alifanyiwa upasuaji wa kwanza, ule wa kujaribu kukiokoa kiungo chake cha asili. Alitobolewa tundu jembamba kutoka ubavuni mwa paja hadi ndani ya kichwa cha mfupa, ili shinikizo lipungue na damu ipate njia. Alitembea kwa magongo wiki nyingi. Tulichinja mbuzi, tukasoma khitma, tukaamini kuwa mambo yamekwisha. Daktari aliyemfanyia alitwambia wazi tangu mwanzo kuwa njia hii hufaa zaidi mfupa unapokuwa haujabonyea, na kwamba huweza isifaulu. Nasi tulisikia nusu ya maneno yake, ile tuliyoipenda. Mwaka wa kwanza alipata nafuu. Mwaka wa pili maumivu yalirudi usiku, kisha mchana, kisha mguu ukaanza kuwa mfupi.

Neno likawa moja kwa kila aliyetuona: abadilishwe nyonga. Ndipo tukafunga safari ya Nairobi kwenda kumuona daktari mpasuaji wa mifupa, na kwa kweli, ndani ya nyoyo zetu, tulikwenda tukitaraji atwambie kuwa haina haja.

Barabara ya bara

Kutoka Mokowe basi hupita Hindi, Witu na Gamba, likavuka Mto Tana upande wa Garsen, kisha likaifuata njia ya Malindi, Kilifi na Mtwapa hadi Mombasa. Barabara hii ambayo zamani ilikuwa vumbi na matope leo ina lami, nasi tuliwaombea kheri walioijenga. Lakini lami nayo ina matuta, na kila tuta binti yetu alilipokea kwa kushika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Penye vizuizi vya polisi abiria wote hushuka na vitambulisho mkononi. Katika kimoja askari kijana alimuona akihangaika na magongo mlangoni, akapanda mwenyewe ndani ya basi kukitazama kitambulisho chake, akamwambia, "Kaa, dada." Mwenyezi Mungu amlipe.

Njiani tulikuwa tukiyapima maneno matatu tuliyoondoka nayo nyumbani.

La kwanza lilikuwa la mama mkwe wake, bibi mwenye taqwa na mapenzi. Alituuliza barazani kwake usiku wa kuamkia safari: "Sheikh, mwanangu atiwe chuma mwilini? Na siku ya kufa azikwe nacho?" Hatukumcheka, kwani wengi huuliza hivyo kimoyomoyo. Tulimkumbusha habari ya swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab, zama za Ujahiliya. Alijitengenezea pua ya fedha ikaharibika na kutoa harufu, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atengeneze ya dhahabu. Habari hii imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Dhahabu, ambayo mwanamume haruhusiwi kuivaa kwa pambo, iliruhusiwa kuwa kiungo kwa haja. Basi iweje chuma na kauri ndani ya nyonga ya muumini anayetaka kusimama? Bibi alinyamaza, kisha akasema, "Basi na watie kilicho kizuri."

Neno la pili lilikuwa la majirani: mmejaribu mara moja ikashindikana, mtajaribu ya pili ya nini? Na neno la tatu lilikuwa letu wenyewe, nalo lilikuwa la hesabu. Kiungo bandia huchakaa. Akitiwa leo naye ana miaka 28, kikidumu miaka 20, atapasuliwa tena akiwa na 48, na pengine mara ya tatu uzeeni. Basi bora asubiri hadi afike 40. Tuliiona hesabu hii kuwa ya busara sana. Tulikuwa tumeirudia mara nyingi, sisi na mama yake, na hatukuwahi kuifanya mbele yake.

Usiku wa Mombasa

Tulilala Kibokoni kwa dada yetu. Mombasa ni mji wa jamaa, na jamaa wakisikia kuna mgonjwa hujaa ukumbini kabla ya chai haijaiva. Kila mmoja alikuwa na nyonga ya kusimulia. Mmoja ana mama yake aliyebadilishwa akiwa na miaka 70, na sasa anakwenda sokoni peke yake. Mwengine ana jirani aliyeingiwa na vijidudu, kiungo kikatolewa. Wa tatu anamjua mganga wa kukanda huko Kwale. Wote walisema kwa mapenzi, na wote walisema kwetu sisi wazazi, juu ya kichwa cha binti yetu aliyeketi kwenye kochi katikati yao akiwatilia wageni kahawa.

Usiku ule mama yake alituambia neno moja tukiwa tumelala: "Umeona? Hakuna aliyemuuliza yeye." Tukasema tumeona. Lakini kuona si kutenda, na asubuhi tuliondoka bila ya sisi kumuuliza pia.

Ndani ya gari la moshi

Stesheni ya Mombasa iko Miritini. Tuliswali adhuhuri na alasiri pale, jamu na kasri, kwa kuwa gari la mchana huondoka saa tisa na lingetufikisha usiku. Binti yetu aliswali juu ya kiti. Hilo halikumtatiza, kwani yeye ndiye anayewasomesha watoto habari ya Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa na maradhi akaelekezwa na Mtume (s.a.w.) aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu.

Gari likapanda taratibu kuiacha pwani. Minazi ilipungua, ikaja mikorosho, kisha vichaka vikavu vya Taru, kisha ardhi nyekundu ya Tsavo. Reli hii mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na sehemu kubwa ya mbugani imejengwa juu ya tuta na madaraja ili wanyama wapite chini. Baada ya Voi tuliwaona ndovu, wekundu kwa vumbi la kwao, na abiria wote wakahamia upande mmoja wa madirisha. Binti yetu hakuinuka. Alikuwa amejifunga shali na kunywa maji kila nusu saa kama alivyoagizwa, kwa kuwa baridi na kiu huwaamshia wenye selimundu mashambulio ya maumivu, na Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari.

Watu walipokuwa dirishani, alisema: "Baba, Mama, msinione nimekosa adabu. Nataka kuuliza neno."

Tukamwambia aseme.

"Nimewasikia mkisema ningoje hadi niwe na miaka 40. Hiyo miaka 12 nitaiishi wapi?"

Hatukuwa na jibu. Akaendelea kwa sauti ya chini, ile anayoitumia kwa mtoto mzito wa herufi: "Mnanihesabia nyonga ya uzeeni, nami sina nyonga ya leo. Mwanangu ana miaka 4. Nikifika 40 atakuwa na 16. Hatataka tena kubebwa. Ule upasuaji wa kwanza mliutaka nyinyi, nami nilikuwa nimechoka nikasema ndiyo. Sijutii, maana kama tusingejaribu ningebaki nikijiuliza. Lakini huu wa pili nataka uwe wangu. Nikiukataa niukatae mimi, na nikiukubali niukubali mimi."

Mama yake alimshika mkono. Sisi tuligeukia dirisha, na si kwa ajili ya ndovu.

Tumeusomesha mlango wa idhini miaka mingi. Tunajua kuwa mtu mzima mwenye akili timamu, mwanamume au mwanamke, haguswi mwili wake kwa upasuaji ila kwa ridhaa yake. Tuliisomesha kanuni hiyo kwa wanafunzi, tukaisahau kwa mwana wetu, kwa kuwa tulikuwa tukimpenda. Na tukakumbuka jambo jingine. Masaa machache kabla tulikuwa tumefupisha rakaa nne kuwa mbili, wala hatukuona unyonge, kwa kuwa msafiri amepewa ruhusa na Mola hupenda ruhusa Zake zichukuliwe. Basi kwa nini tulikuwa tukikiona kiungo bandia kuwa ni kushindwa? Tulijaribu kuhifadhi kilichokuwepo. Haikuandikwa. Iliyobaki ni ruhusa, na mwenye safari ni yeye.

Tulimwambia, "Mwanangu, tumekukosea. Kesho kwa daktari utasema wewe, sisi tutasikiliza." Akatoa mkobani daftari la shule lenye gamba la buluu. Maswali alikuwa ameyaandika zamani.

Chumba cha daktari

Daktari aliiweka picha mpya mbele ya taa, na ya miaka miwili nyuma kando yake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Katika ile ya zamani kichwa cha mfupa kilikuwa duara. Katika mpya kilikuwa kimebonyea kama yai lililogongwa, na ule mwanya wa gegedu kati yake na kikombe ulikuwa umetoweka.

Binti yetu alifungua daftari. Swali la kwanza: hakuna tena njia ya kukiokoa? Daktari alisema upasuaji wa kuokoa huhitaji kitu cha kuokolewa. Kutoboa tena hakufai baada ya mfupa kubonyea na gegedu kuharibika. Akasema pia kuwa upasuaji wa kwanza haukuwa makosa, kwani ulikuwa na nafasi na ulistahili kujaribiwa.

Swali la pili: nikingoja? Akajibu kuwa hii si dharura, na saa ya kuamua ni ya mgonjwa. Lakini kungoja nako kuna bei: misuli hunyauka, mgongo na mguu wa pili hubeba mzigo usio wao, na kwa wenye selimundu nyonga ya pili nayo mara nyingi huathirika.

La tatu: hicho kiungo ni nini hasa? Alikitoa sanduku dogo akampa akishike: shina la chuma linaloingia ndani ya mfupa wa paja, kichwa cha kauri, na kikombe cha chuma chenye bitana ya plastiki ngumu. Akatwambia kuwa njia hii kwa sura yake ya leo ilianzishwa na daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington mwaka 1962, na imekuwa ikitengenezwa vizuri zaidi tangu hapo.

La nne ndilo lililokuwa letu: kitadumu miaka mingapi? Alisema uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya kumbukumbu za nchi kadhaa, ulikadiria kuwa katika kila nyonga bandia 100, kama 58 hudumu miaka 25. Lakini wengi wa watu hao walikuwa na umri mkubwa. Kijana hukitumia zaidi, na mwenye selimundu ana hatari zaidi ya vijidudu na ya kiungo kulegea. Kwa hiyo ajiandae moyoni kuwa ipo siku atarudi, na upasuaji wa kurudia ni mgumu kuliko wa kwanza.

La tano lilikuwa la hatari za siku ile yenyewe. Hakuzificha: damu kuganda mguuni, vijidudu, kiungo kuteguka, mguu kutofautiana urefu, na kwake yeye shambulio la selimundu, hata la kifua. Ndiyo maana daktari wa damu angehusika tangu mwanzo, angeongezewa damu kabla, asikae na kiu, asiachwe apate baridi. Hapo tukajua kuwa kazi ya jamaa si kutoa maoni ukumbini. Ni kutoa damu.

La sita hatukulitaraji. Alikuwa amesikia kuwa sindano zinazotumiwa sana kuzuia damu kuganda hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Je, ni kweli, na ipo badala yake? Daktari alisema ni kweli kwa sindano hizo, na kwamba vipo vidonge visivyotokana na mnyama, ambavyo angeangalia kama vinamfaa. Wasomaji wetu, ulizeni mapema. Ikipatikana badala, basi itumike. Isipopatikana na maisha yakawa hatarini, dharura ina hukumu yake katika sheria yetu, na hakuna dhambi kwa aliyelazimika.

La saba alilisoma polepole: nitakaa tena mkekani? Daktari aliweka kalamu chini. Akasema miezi ya mwanzo hapana kabisa: asikunje nyonga kupita kiasi, asichuchumae, asipishanishe miguu, asiketi chini. Baadaye itategemea atakavyopona, lakini asitegemee kurudi kukaa kitako saa nyingi kama zamani. Choo kiwe cha kukalia. Sala iwe ya kiti hadi aambiwe vinginevyo. Akamuuliza kama anataka kuzaa tena. Akasema Mungu akipenda. Daktari akasema nyonga bandia peke yake haimzuii mwanamke kushika mimba wala kuzaa, lakini kwake selimundu ndiyo itakayohitaji uangalizi.

Alifunga daftari akasema, "Nipeni siku tatu."

Siku hizo tulikaa kwa jamaa Eastleigh. Aliswali istikhara kila usiku juu ya kiti. Wengi hudhani istikhara ni kungojea ndoto. Sivyo. Ni kumtaka Mola ushauri baada ya kutafuta elimu, kisha mja huazimia na Mola humfungulia au humfungia. Ijumaa tuliswali Msikiti wa Jamia, na tulipotoka alitungojea nje upande wa wanawake, ameegemea magongo. Alisema, "Nimeazimia. Nitaacha mkeka nichukue mguu." Tulimpigia simu mumewe Lamu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Alitakalo yeye ndilo nilitakalo." Yule kijana alituzidi kwa busara, wala hakusoma madrasa yetu.

Karatasi ya idhini aliitia saini mwenyewe.

Kurudi

Upasuaji ulifanyika mwezi uliofuata. Wajomba na binamu zake walitoa damu, na gharama zilichangwa na jamaa kutoka Lamu hadi Mombasa juu ya sehemu iliyolipwa na bima. Hatutasema ulikuwa mwepesi. Siku ya pili alisimamishwa kando ya kitanda, akatwambia maumivu ni makali lakini si yale ya zamani. Siku ya tatu alipatwa na shambulio la selimundu lililotukesha usiku kucha. Walikuwa wamejiandaa, na Mwenyezi Mungu akamvusha.

Alirudi nyumbani baada ya wiki kumi na mbili. Mokowe tulipanda boti maji yakiwa yameanza kutoka, na tulipofika Lamu ngazi nne zilikuwa wazi. Mumewe alinyoosha mikono ambebe. Akamwambia, "Ngoja." Alikuwa amefundishwa na mkufunzi wa mazoezi ya viungo: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, utangulie uliopasuliwa. Akapanda moja. Akapumzika. Akapanda ya pili. Mwanawe alikuwa juu ya gati. Hakumbeba, kwa kuwa bado hajaruhusiwa. Mtoto alishika ncha ya bakora, wakaenda hivyo hadi nyumbani kwao.

Leo anasomesha akiwa juu ya kiti, na watoto hugombania nafasi ya karibu na kiti hicho. Wakati mwingine huutazama mkeka. Tumemuona, wala hatusemi kitu.

Ndugu zetu, tuna maneno manne ya kuwaachia. Wenye kutaka kuoana wapimwe damu kabla ya nikaha, wajue kama ni wabebaji wa selimundu. Mwenye maradhi hayo akilalamika kinena au goti, nyonga yake ipigwe picha mapema, wakati bado kuna cha kuhifadhi. Kilichohifadhiwa kikishindikana, msimfanye mgonjwa aone haya kuichukua ruhusa iliyobaki, wala msimharakishe kuichukua. Na mnapokaa barazani kumshauria, muulizeni yeye kwanza.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape wazazi wetu masikio, na utuwezeshe sote kusimama mbele Yako kwa namna utakayoturuzuku. Amin.

Wabillahi tawfiq.